Kidonda cha chura na kidonda cha mguu: uchambuzi wa kisa cha peksiganani

Kisa hiki kinaanzia kwenye tangi la maji machafu. Mwaka 1986, katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilizoko Bethesda, Maryland, daktari na mtafiti Michael Zasloff alikuwa akifuga vyura kwa ajili ya mayai yao. Ngozi ya chura haikumhusu, wala bakteria. Alichokuwa akichunguza ni jinsi RNA, molekuli inayonakiliwa kutoka kwenye DNA, inavyotoka kwenye kiini cha seli, na yai changa la chura, kwa ukubwa wake, ni seli iliyo rahisi kuchoma sindano na kufuatilia kinachotokea ndani. Kazi ilikuwa ile ile kila mara: kumlaza chura usingizi, kumpasua tumbo, kutoa kipande cha kifuko cha mayai, kumshona na kumrudisha tangini.

Maji ya tangi yalikuwa na kinyesi, mabaki ya chakula na bakteria wa kila namna. Mtu akishonwa tumbo kisha akalazwa kwenye maji kama hayo, haitapita wiki kabla ya homa na usaha. Vyura walipona. Mshono ulifunga bila kuvimba, bila wekundu, bila tone la usaha. Zasloff alikuwa amewashona vyura wengi bila kulitilia maanani jambo hilo, mpaka siku moja akasimama mbele ya tangi na kujiuliza kwa nini hawaozi.

Swali hilo lilizaa mojawapo ya dawa zilizotarajiwa sana mwishoni mwa karne ya 20, dawa ambayo mpaka leo haijafika kwenye rafu ya duka lolote. Huwa inasemwa kwamba peksiganani iliangushwa na urasimu. Nimeisoma habari yake kwa miaka, na siamini hivyo. Ninaamini kosa lilikuwa pale pale tangini, katika namna swali lilivyohamishwa kutoka kwenye kidonda kimoja hadi kingine.

Chura wa Cape Town

Chura mwenyewe ni Mwafrika. Jina lake la kisayansi ni Xenopus laevis, chura wa kusini mwa Afrika aishiye majini, mwenye kucha nyeusi kwenye vidole vya miguu ya nyuma na asiye na ulimi. Alifikaje Maryland? Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Mwingereza Lancelot Hogben, aliyekuwa akifundisha Cape Town, aligundua kwamba jike akichomwa sindano ya dondoo ya tezi ya pituitari hutaga mayai. Kutokana na hilo kikapatikana kipimo cha mimba: chura anachomwa mkojo wa mwanamke, na akitaga ndani ya saa chache, mwanamke ni mjamzito. Kwa miongo kadhaa vyura walisafirishwa kutoka Afrika Kusini kwenda hospitali na maabara za dunia nzima. Kipimo hicho kilipopitwa na wakati, vyura walikuwa wameshazoeleka maabara, wakaanza kutumika kufundishia na kuchunguzia ukuaji wa viumbe. Ndivyo walivyoangukia mikononi mwa mtu aliyetaka mayai yao.

Zasloff aliacha kazi ya RNA akaigeukia ngozi. Aliisaga, akachuja, akatenganisha kilichomo sehemu baada ya sehemu, na kila sehemu akaijaribu kwa bakteria wa E. coli. Agosti 1987 alichapisha matokeo: peptidi mbili, yaani minyororo mifupi ya asidi amino, kila mmoja wenye asidi amino 23, zinazoua bakteria wa aina nyingi, fangasi, hata protozoa. Akaziita magainini, kutokana na neno la Kiebrania lenye maana ya ngao. Magazeti ya Marekani yakamfananisha na Fleming na penisilini yake.

Ngao hiyo ina utaratibu wake, na utaratibu huo unahusika na yatakayofuata. Magainini zimehifadhiwa ndani ya tezi za ngozi, tezi zinazotii mishipa ya fahamu. Chura akishtuka, akijeruhiwa au akibanwa na adui, tezi hukamuliwa na uji mweupe hutoka kufunika ngozi. Ndani ya uji huo magainini haiko peke yake. Kuna peptidi nyingine iitwayo PGLa, kuna peptidi za jamii nyingine, na zote zinamwagika kwa pamoja na kwa wingi ndani ya muda mfupi. Baadaye wanakemia walipozijaribu magainini 2, mojawapo ya zile mbili za Zasloff, na PGLa, kila moja peke yake kisha zikiwa pamoja, waliona kwamba zikiwa pamoja nguvu inapita kwa mbali jumla ya nguvu zao. Wahenga wetu walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Chura amelijua hilo kwa mamilioni ya miaka.

Msomaji wa Tanzania huenda akakumbuka hapa habari ya Kihansi. Chura mdogo wa manjano aliyeishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto huo, katika milima ya Udzungwa, alitangazwa mwaka 2009 kuwa ametoweka katika mazingira yake ya asili, akabaki kwenye bustani za wanyama za Marekani mpaka alipoanza kurudishwa nyumbani. Maji ya maporomoko yalikuwa yamechukuliwa na mradi wa umeme, na mwaka 2003, idadi yake ilipoporomoka, ukapatikana pia fangasi wa ngozi anayeangamiza vyura duniani kote. Fangasi huyo huyo hukaa kwenye ngozi ya Xenopus bila kumdhuru sana, na peptidi za Xenopus humzuia kukua katika vyombo vya maabara. Spishi moja inaishi na adui, nyingine inafutika. Neno "kinga ya chura", likitajwa kana kwamba vyura wote wana ngao moja, linatupotosha.

Silaha ya kale

Zasloff hakuwa wa kwanza. Mwaka 1922 Fleming alikwisha kuandika juu ya laisozaimu, kimeng'enya cha machozi na kamasi kinachopasua bakteria. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Hans Boman na wenzake nchini Sweden walitoa sekropini, peptidi inayoua bakteria, kutoka kwa nondo, na mwaka 1985 Robert Lehrer, Tomas Ganz na Michael Selsted wa Los Angeles walieleza difensini, peptidi nyingine za aina hiyo, zilizomo ndani ya seli nyeupe za damu ya binadamu. Kilichofanywa na chura ni kuwafanya watu wengi waone kwamba mambo haya ni habari moja: mdudu, chura, ng'ombe na mtu wote wana silaha hii, na mimea pia.

Shuleni tulifundishwa kinga kwa mfano wa askari wanaomkariri adui. Mwili unaugua, unatengeneza kingamwili, na adui akirudi anakutwa yuko kwenye orodha. Kinga hiyo ni ya kweli, nayo ndiyo inayofanya chanjo zifanye kazi, lakini mara ya kwanza huchukua siku nyingi kuamka. Bakteria katika mazingira mazuri huongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 au 30. Mwili ungengoja kingamwili kwa kila mchubuko, tusingefika umri wa kutambaa. Kinachotuokoa katika saa za mwanzo ni kinga ya asili tunayozaliwa nayo: ngozi, kamasi, asidi ya tumbo, seli nyeupe zinazokimbilia jeraha, na peptidi hizi ambazo hazihitaji kumjua adui kwa jina.

Zinamtambuaje basi? Kwa utando wake. Utando wa bakteria upande wa nje una chaji hasi nyingi. Wa seli zetu, upande huo huo, karibu hauna chaji, tena una kolesteroli inayoukaza. Peptidi kama magainini ina chaji chanya, kwa hiyo inavutwa na bakteria na kutuacha sisi. Ikiwa majini haina umbo maalumu, inaelea kama uzi. Ikigusa utando wa bakteria inajisokota kama springi, ubavu mmoja ukipenda mafuta na wa pili ukipenda maji. Zikijazana za kutosha zinaukunja utando na kufungua matundu. Chumvi na vyote vya ndani vinavuja, na bakteria anakufa ndani ya dakika chache.

Kwetu sisi kuna difensini za aina kadhaa kwenye utumbo, ngozi na seli nyeupe, na kuna moja tu ya jamii nyingine ya peptidi hizi, kathelisidini, inayoitwa LL-37 kwa sababu ina asidi amino 37 na inaanza na lusini mbili. Umuhimu wake unaonekana inapokosekana. Kuna ugonjwa wa kurithi ambao mtoto anazaliwa na seli nyeupe chache mno za aina ya nyutrofili. Madaktari wakimpa dawa ya kuziongeza, idadi inapanda, lakini ufizi unaendelea kuoza na meno kulegea. Watafiti wa Sweden walionyesha mwaka 2002 kwamba nyutrofili hizo zilizoongezeka hazina LL-37 ndani. Askari wamerudi kambini bila risasi.

Kutoka ngozini hadi kwenye krimu

Baada ya makala ya 1987 ikaundwa kampuni huko Pennsylvania, Magainin Pharmaceuticals, ili kuigeuza ngao iwe dawa. Magainini ya asili ilionekana dhaifu kwa kazi hiyo, wanakemia wakaibadilisha. Magainini 2 ina laisini 4, asidi amino inayobeba chaji chanya. Wakatengeneza mnyororo wa asidi amino 22 wenye laisini 9. Hiyo ndiyo peksiganani. Ilijaribiwa kwa sampuli 3,109 za vimelea vilivyochukuliwa kwa wagonjwa, na karibu vyote vilikufa kwa kiasi kidogo cha dawa, wakiwemo bakteria waliokwisha kuwa sugu kwa antibiotiki za kawaida.

Peptidi haiwezi kumezwa kama kidonge, kwa kuwa tumbo litaimeng'enya kama nyama. Kuichoma kwenye damu nako kuna hatari zake. Ikabaki kupaka. Kampuni ilianza na impetigo, ule ugonjwa wa vidonda vya ngozi vya watoto. Haikufua dafu: waliopakwa krimu isiyo na dawa, wakaoshwa, walipona karibu sawa na waliopakwa dawa. Naomba msomaji aliweke hilo kando, kwa maana litarudi.

Kisha wakachagua kidonda cha mguu cha mgonjwa wa kisukari.

Kwa hesabu za mahitaji, uchaguzi huo unaeleweka. Aliyewahi kumuuguza mama au mjomba mwenye kisukari anajua jinsi kidonda hiki kinavyoanza. Miguu imekufa ganzi. Kiatu kinabana, au jiwe linaingia, au msumari unachoma, na mwenyewe hana habari. Anakuja kuona soksi ina maji maji. Sukari ikiwa juu, seli nyeupe zinakuwa nzito. Mishipa ya damu imesinyaa, kwa hiyo dawa anayomeza na hewa ya oksijeni havifiki mbali. Na kila hatua anayotembea anakikanyaga kidonda hicho hicho kwa uzito wake wote. Wiki zinapita. Familia inajaribu hiki na kile, na mara nyingi wanapofika hospitali neno la kwanza wanaloambiwa ni kukatwa mguu. Dawa ya kupaka ambayo bakteria hawawezi kuizoea, kwa kidonda kama hicho, ni jambo ambalo mtu yeyote angelitamani. Mimi nalitamani mpaka leo.

Majaribio mawili makubwa yalifanyika kwa wagonjwa 835 wa nje, wenye vidonda vilivyoambukizwa kwa kiasi kidogo. Nusu walipaka peksiganani na kumeza vidonge visivyo na dawa. Nusu walimeza ofloksasini, antibiotiki ya kawaida, na kupaka krimu isiyo na dawa. Wote walisafishwa vidonda na kukatwa nyama iliyokufa kama inavyotakiwa.

Tuzitazame namba, maana kisa chote kimo humo. Jaribio moja lilishindwa kuthibitisha kwamba dawa hizo mbili zinalingana. La pili lilithibitisha, na data zilipounganishwa zilionyesha ulinganifu. Waliopata nafuu ya maambukizi walikuwa kati ya asilimia 85 na 90. Waliokatwa sehemu ya mguu walikuwa asilimia 2 hadi 3, bila tofauti kubwa kati ya pande mbili. Bakteria wa wale waliomeza ofloksasini walianza kuonyesha usugu kwa baadhi ya wagonjwa, ilhali usugu wa maana kwa peksiganani haukuonekana. Hadi hapo mtu angepiga makofi. Lakini wagonjwa ambao bakteria waliondoka kabisa kwenye vidonda vyao walikuwa asilimia 42 hadi 47 tu.

Zisomwe pamoja. Karibu tisa kati ya kumi walipata nafuu, na zaidi ya nusu ya vidonda bado vilikuwa na bakteria. Dawa ambayo kazi yake pekee ni kuua bakteria haikuwaua katika vidonda vingi, na wenye vidonda hivyo wakapata nafuu hata hivyo. Nani aliwaponya?

Swali la 1999

Machi 1999 jopo la washauri wa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani lilikaa kuijadili dawa hiyo. Walio wengi walisema ushahidi hautoshi, na mwaka huo huo mamlaka ikakataa kuiidhinisha. Hisa za kampuni zikaporomoka. Miaka miwili baadaye kampuni ilibadili jina, na mwaka 2009 ikafunga hesabu zake.

Malalamiko ya waliokuwa upande wa dawa yalikuwa haya: tumeonyesha kwamba krimu inalingana na antibiotiki nzuri ya kumeza, tena haina madhara mwilini wala haileti usugu, mnataka nini zaidi? Hoja hiyo ina uzito. Krimu inayofanya kazi sawa na kidonge ina faida ya wazi kwa mgonjwa ambaye figo zake zimechoka na tayari anameza dawa tano.

Lakini kulingana na dawa nyingine ni hoja tu pale inapojulikana kwamba hiyo nyingine inafanya kazi kwenye hali hiyo hasa. Mfano wa nyumbani: watoto wawili wana mafua. Mmoja anapewa chai ya tangawizi, mwingine supu ya kuku, na baada ya siku saba wote wazima. Zimelingana. Je, tumethibitisha kwamba tangawizi inatibu mafua? Tumethibitisha kwamba mafua hupona kwa siku saba. Kidonda chepesi cha kisukari kikisafishwa vizuri, nyama iliyooza ikakatwa, kikafungwa kwa usafi na mguu ukapumzishwa, maambukizi mengi madogo hutulia. Bila kundi la tatu, la wagonjwa waliosafishwa tu wakapakwa krimu tupu, hakuna anayeweza kusema kama tiba ilitoka kwenye peksiganani, kwenye ofloksasini, au kwenye kisu na mikono ya muuguzi.

Najua jibu la upande wa pili: ni vigumu kumwangalia mgonjwa wa kisukari machoni, mguu wake una maambukizi, umpe krimu tupu. Ugumu huo ni wa kweli na ni wa kiutu. Ila wagonjwa hawa walichaguliwa kwa kuwa maambukizi yao yalikuwa mepesi, na wangeweza kufuatiliwa kwa karibu na kupewa antibiotiki mara hali ikibadilika. Tena kampuni ilikwisha kuonyeshwa na impetigo kwamba kuosha peke yake kunaweza kuwa tiba. Onyo lilikuja mapema, kwa watoto, kwa gharama ndogo. Halikusikika. Nasema jopo lile liliuliza swali sahihi, hata kama namna lilivyolitoa liliwaumiza watu waliokuwa wamefanya kazi kwa uaminifu kwa miaka 12.

Jibu lilichelewa. Peksiganani ilipita mikononi mwa kampuni nyingine, Dipexium, iliyoandaa majaribio mapya mawili kwa jina la OneStep. Safari hii krimu yenye dawa ilishindanishwa na krimu ile ile isiyo na dawa, wote wakipata usafishaji wa kidonda. Oktoba 2016 matokeo yakatangazwa: peksiganani haikushinda krimu tupu. Kampuni ikaachana na mradi na kuungana na nyingine yenye kazi tofauti kabisa.

Kilichovuka na kisichovuka

Sasa tujiulize kwa nini silaha inayoua karibu sampuli zote 3,109 za vimelea kwenye vyombo vya maabara ishindwe kwenye mguu wa mtu.

Sehemu ya jibu ni kemia ya usaha. Kidonda kina chumvi, na chumvi hudhoofisha mvuto wa chaji ambao peptidi inautegemea. Kina vimeng'enya vinavyokata protini, vingine vya bakteria na vingine vyetu wenyewe, na peksiganani ni protini fupi inayokatika kirahisi. Kina vipande vya DNA vya seli zilizokufa, navyo vina chaji hasi, kwa hiyo vinainasa peptidi kabla haijamfikia mlengwa. Na bakteria waliokaa kwenye kidonda kwa wiki nyingi huwa wamejenga utando wa ute unaowafunika kama ukoga kwenye meno. Krimu ya asilimia moja ina dawa nyingi mara mia kadhaa kuliko inayohitajika kwenye kopo la maabara, na bado haikutosha.

Sehemu nyingine ni upweke. Chura humwaga kundi zima la peptidi zinazosaidiana, watu wakachukua moja, wakaiongezea chaji, wakaituma peke yake. Tena peptidi za mwilini zina kazi zaidi ya kuua. LL-37 huita seli nyeupe, huamsha mishipa mipya ya damu, huziambia seli za ngozi zitambae kufunga jeraha. Mwaka 2003 watafiti wa Stockholm walionyesha kwamba LL-37 hupanda kwenye ukingo wa jeraha jipya la ngozi ya binadamu na hushuka jeraha linapofunga, na kwamba kwenye ukingo wa vidonda sugu haionekani. Kidonda sugu, basi, kimepungukiwa ujumbe na siyo sumu peke yake. Peksiganani ilichongwa kwa ajili ya sumu.

Lakini hayo yote, kwa maoni yangu, yako chini ya jambo moja kubwa ambalo sijaliona likipewa nafasi linalostahili. Turudi tangini. Kidonda alichokitazama Zasloff kilikuwa cha namna gani? Kilikuwa mkato mpya, wa kisu kikali, kwenye mnyama mwenye afya, mwenye damu inayopita vizuri, kingo zake zimeshikizwa kwa uzi ndani ya dakika chache. Peptidi zilimwagika wakati ule ule wa kukatwa, kabla bakteria hawajapata pa kukaa. Ngao ilifika kabla ya mshale.

Kidonda cha mguu wa kisukari ni kinyume cha hayo karibu kwa kila neno. Ni cha zamani. Damu haifiki. Hakuna kingo za kushona. Bakteria wameshajenga mji. Na aliyekisababisha, yaani kiatu, ganzi na uzito wa mwili, bado yupo na anaendelea na kazi yake kila siku. Walichukua kilichoonekana kuzuia maambukizi kwenye jeraha la dakika ya kwanza, wakakidai kifukuze maambukizi kwenye jeraha la wiki ya nane. Chura hakuwahi kuahidi hilo. Neno "kidonda" lilifanana pande zote mbili, na kufanana kwa neno kukaficha kwamba vitu viwili hivyo havina undugu.

Dau

Kuna tawi la kisa hiki ambalo linanigusa kwa sababu wahusika waliliendesha kwa heshima. Zasloff aliamini, na aliandika mwaka 2002, kwamba bakteria hawatapata usugu kwa urahisi dhidi ya peptidi hizi. Utando ni ukuta mzima wa nyumba, na kubadili ukuta si sawa na kubadili kitasa. Mwanabiolojia wa mageuzi Graham Bell, wa Chuo Kikuu cha McGill huko Montreal, hakukubali. Pamoja na Pierre-Henri Gouyon alionya mwaka 2003 kwamba bakteria wakizoezwa kwa wingi kustahimili peptidi za dawa, wanaweza kustahimili pia peptidi zetu wenyewe, na hapo tutakuwa tumempa adui silaha dhidi ya ulinzi wa kwanza wa kila mtu, hata asiyewahi kutumia dawa hiyo.

Badala ya kurushiana makala, Zasloff na Bell walifanya jaribio pamoja, wakiwa na mtafiti Gabriel Perron. Walilea bakteria wa aina mbili kwenye peksiganani, wakiiongeza kidogo kidogo, kwa vizazi 600 hadi 700. Kati ya nasaba 24, nasaba 22 zilipata usugu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006, na jina la Zasloff limo kati ya waandishi. Mtu aliyeiita ugunduzi wake ngao aliweka sahihi kwenye ushahidi kwamba ngao inatoboka. Nampenda kwa hilo kuliko kwa ugunduzi wenyewe.

Mwaka 2012 watafiti nchini Uingereza waliendelea mbele: bakteria wa Staphylococcus aureus waliopata usugu kwa peksiganani walionekana kuhimili pia difensini ya nyutrofili za binadamu. Ni jambo la maabara, na haijulishi moja kwa moja yatakayotokea hospitalini. Lakini wote tunaoishi mahali ambapo antibiotiki inanunuliwa dukani kwa vidonge viwili viwili, bila cheti, tunajua dawa mpya ikitoka itatumikaje. Krimu hii ingeidhinishwa mwaka 1999, ingepakwa kwenye kila chunusi na kila mchubuko, hata kama haiponyi. Kwa hiyo kukataliwa kwake kulizuia pia hasara ambayo mwaka huo ilikuwa haijapimwa.

Sisemi peptidi zimekwisha. Nisin, peptidi inayotengenezwa na bakteria wa maziwa, imehifadhi vyakula kwa miongo mingi, na kolistini, ambayo nayo ni peptidi ya bakteria, bado ni kimbilio la mwisho wodini pamoja na ukali wake kwa figo. Zasloff mwenyewe aliendelea, akapata kwa papa, mwaka 1993, skwalamini, kiua bakteria ambacho si peptidi. Ninachotaka mimi ni jaribio linalorudi kwenye kile ambacho chura alionyesha hasa. Apatikane mgonjwa anayekatwa leo, kwa kisu safi, mahali ambapo maambukizi ni ya kawaida: mama anayezaa kwa upasuaji, au mtu mwenye mfupa uliotoka nje kwa ajali ya bodaboda, akiwa ameshasafishwa. Dawa iwekwe kwenye jeraha jipya, kabla ya uzi kufungwa, ikiwa peptidi mbili au tatu kwa pamoja na siyo moja. Ishindanishwe na usafi peke yake. Na hesabu ya kwanza ichukuliwe ndani ya siku chache za mwanzo, kwa sababu ni katika muda huo vyura wale wa Bethesda walikuwa wameshapona.